Ingobyi Hairudi Tupu

Jumatano ya Majivu, 6 Machi 1935. Nyakahura

Nilifika jana jioni nimelowa. Hata katekisimu niliyoificha kifuani imelowa.

Padri amenituma kutoka Kibimba kwa majuma mawili, nimsaidie katekista Bernardo kuongoza kigango hiki mwanzoni mwa Kwaresima. Hiyo ndiyo sababu iliyotangazwa. Sababu yenyewe ni kwamba wazee wa kanisa la hapa wamepeleka malalamiko misioni: mwalimu wao hulala katikati ya sala. Padri aliniambia, "Bernardo ni baba yako wa ubatizo. Wewe utajua kama ni pombe au ni uzee."

Hii si Nyakahura niliyoijua. Serikali imewatoa watu katika mashamba yao ya mbali na kuwakusanya kando ya barabara. Nyumba zimepangwa mistari, na msitu umefyekwa pande zote ili mbung'o wasipate kivuli. Yote ni kwa ajili ya malale. Anayetaka kuvuka mto kurudi upande wa Ngara huonyesha cheti kizuizini, na askari humkagua nguo na mzigo asije akavusha mbung'o. Cheti changu mwisho wake ni tarehe ishirini.

Mke wangu Adelfina nimemwacha Kibimba na mimba ya miezi saba. Ildefonce, katekista wa kigango kilicho ng'ambo tu ya mto, ameahidi kumwangalia yeye na kanisa langu pia.

Majivu hayakupakwa leo, Padri hakuweza kupita kwenye tope. Tulisali tu.

"Shikamoo, Baba," nilimwambia Bernardo.

"Marahaba. Umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukusaidia."

"Aliyekutuma anaona ni kitu kimoja," akasema, akanikaribisha uji.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua tangu asubuhi. Njia ya Msalaba saa tisa. Bernardo alitangulia na msalaba wa mti, mimi nikasoma. Kituo cha tatu, Yesu anaanguka mara ya kwanza: nilipoinua macho kitabuni, Bernardo alikuwa amepiga magoti na paji la uso limegusa sakafu. Watu walidhani ni ibada, nao wakainama hivyo hivyo. Kisha akakoroma.

Watoto walicheka. Rozalia, mkewe, alisogea akajifanya anamsaidia kushika msalaba. Niliona vidole vyake vikimfinya mkono, juu ya kiwiko, kwa nguvu.

Baada ya sala nilinusa kikombe chake. Kilikuwa cha maji. Niliona haya kidogo, si sana.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Mzee Minani, mkuu wa wazee wa kanisa na ndiye aliyepeleka malalamiko, alinisimamisha nje baada ya ibada, mbele ya watu.

"Mwalimu Anatory, wewe umesoma seminari, tufafanulie. Bwana wetu alilala chomboni, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Akaamka, akatuliza upepo. Huyu wetu akiamka anauliza chakula."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ana ulimi mkali, na hana uso wa mtu anayefurahia mzaha wake mwenyewe. Simpendi. Lakini kwa jambo lenyewe nadhani ana haki. Mchungaji asiyekesha si mchungaji.

Jumatatu, 11 Machi

Leo siku ya shingo. Ndivyo watu wanavyoiita. Kila Jumatatu Abbasi, dresa wa serikali, msaidizi wa daktari, huweka meza chini ya paa la soko na watu hupanga mstari. Yeye huwapapasa nyuma ya shingo akitafuta tezi zilizovimba. Mwenye tezi hupelekwa hospitali ya Biharamulo na kuchomwa sindano kubwa katika uti wa mgongo. Sindano hiyo watu wanaiogopa kuliko malale.

Abbasi ni mzaliwa wa Biharamulo mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu. Babu yake alitoka pwani. Kiswahili chake kinateleza, sisi wengine tunachanganya l na r naye anasikiliza bila kutucheka, isipokuwa mara moja moja.

"Mwalimu," aliniambia, "waumini wako jana walijaa kanisani, niliwasikia wakiimba. Leo nusu yao wamesafiri. Wamesafiri kwenda wapi, na barabara imeota mto?"

"Sijui, Bwana Dresa."

"Na mwenzako Bernardo naye kasafiri?"

Nilimwambia anaumwa tumbo. Ndivyo Rozalia alivyoniambia niseme.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 16 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu imekaribia, na Rozalia aliniomba nimnyoe Bernardo. Mikono yake yeye imekuwa ikitetemeka, alisema. Nilimkalisha barazani, nikamtia sabuni, nikaanza na wembe. Bernardo alisinzia kabla sijamaliza upande mmoja. Nilimshika shingo ili kichwa kisicheze.

Chini ya vidole vyangu niligusa punje. Ziko pande zote mbili, nyuma ya shingo, ngumu na zenye kuteleza, kama maharage yaliyofichwa chini ya ngozi.

Nilimtazama Rozalia, naye alikuwa ananitazama mimi. Ndipo nikaelewa kwamba hakuniitia nywele.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mavuno ya mtama." Alikunja mkono wa shati la mumewe. Mkono mzima, toka kiwiko mpaka bega, una alama nyeusi za kufinywa. "Mimi ndiye namwamsha kwenye sala. Nikimfinya taratibu siku hizi hasikii."

Bernardo alifumbua macho. Hakuuliza tulikuwa tunasema nini.

"Usimwambie yule Mswahili," alisema. "Ukimwambia umenizika, Anatory."

"Baba, ukikaa hivi utakufa."

"Nitakufa polepole. Sikiliza. Mwaka jana walichukuliwa watu wanne hapa, hakurudi hata mmoja. Siku watakayoona mwalimu wao amechukuliwa, watarudi wote porini kwenye mashamba yao ya zamani, kwenye mbung'o. Mimi ndiye niliyewaambia wahame. Niliwaambia kwa jina la kanisa. Nani atawarudisha? Wewe wa majuma mawili?"

Aliniapisha kwa ubatizo wangu, nami nikaapa, sabuni ikimkaukia kichwani.

Jumanne, 19 Machi. Mt. Yosefu

Nilikuwa nimepanga kuondoka leo. Asubuhi askari alipita na kengele: wagonjwa wapya wamepatikana, kizuizi kimefungwa. Hakuna kutoka, mwenye cheti na asiye na cheti. Kuingia hapana, ila kwa maziko tu.

Mpaka lini? Askari hajui. Abbasi hajui. Mvua inajua.

Jumatano, 20 Machi

Cheti changu kimekwisha leo. Mvua.

Ijumaa, 22 Machi

Sisi makatekista tuna desturi ya kukutana kila Ijumaa, tuseme nani mgonjwa, nani amezaa, tuombeane kwa majina Jumapili. Kizuizi hakikatazi sauti, kwa hiyo leo nilikwenda mtoni. Ildefonce alikuwa amesimama ng'ambo, kofia yake kubwa ya majani kichwani. Mto umefura, maji mekundu, yanavuma kama kinu. Tulipiga kelele mpaka koo zikauma.

"Adelfina!"

"Mzima! Anakula kuliko mimi!"

"Kanisa!"

"Wanakusalimu! Mahindi yako yamejaa magugu!"

Aliinua mikono kama ameshika jembe, akapalilia hewa, ili nielewe kwamba atayapalilia. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nije. Kisha akauliza habari za Bernardo. Nikasema, "Yupo!"

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Ildefonce hakuonekana, au ukungu ulimficha. Nilirudi.

Jumatatu, 1 Aprili

Siku ya shingo. Nimesema tena tumbo. Abbasi aliniangalia. "Tumbo la mwalimu lina subira," akasema.

Ninamlinda mtu asiokolewe. Nikinyamaza namuua, nikisema navunja kiapo na kuwatawanya watu. Nikitaka kukimbia yote mawili, mto uko pale pale.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Bernardo anaamka kwa chakula, na wakati mwingine hata kwa chakula haamki. Leo alimkasirikia Rozalia bila sababu akamtupia bakuli, kisha akalia kama mtoto. Mimi nilimwita mvivu katika shajara hii mwezi uliopita. Sikuandika neno lenyewe, lakini ndilo nililomaanisha.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimevunja kiapo.

Nilingoja mpaka mstari ulipokwisha, nikamsaidia Abbasi kubeba meza. Nilimwambia, "Bwana Dresa, si tumbo."

Aliendelea kukunja kitambaa chake. "Najua si tumbo. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie."

"Kama ulijua, kwa nini hukumchukua?"

"Nimchukue na nani? Na wale askari wawili? Nikimtoa mimi, ni serikali imemkamata mwalimu wenu, na kesho yake sina shingo hata moja ya kupapasa hapa. Mkimtoa nyinyi wenyewe, ni watu wanampeleka mzee wao kwa mganga. Gari la serikali halipiti kwenye tope hili. Mtafute wabebaji, Mwalimu, na muwahi. Dawa ipo Biharamulo, lakini haifufui."

Jumatano, 10 Aprili

Leo niliwaambia wanaume baada ya sala ya asubuhi. Niliwaambia wazi: mwalimu wenu si mlevi wala si mvivu, ana malale, tumbebe kwa ingobyi mpaka Biharamulo.

Ingobyi ni machela yetu ya kusukwa, yenye miti miwili mirefu. Kwetu kila nyumba ina wajibu wa kuibeba. Huulizwi kama unampenda mgonjwa. Ya kigango hiki imeegemezwa ukutani mwa kanisa, na buibui wametanda juu yake.

Hakuna aliyejongea. Wakanitazama kisha wakamtazama Mzee Minani. Nilimwambia kwa ukali, mbele ya wote: "Mzee, ulipeleka malalamiko misioni kwamba analala. Sasa umejua sababu. Utashika mti wa mbele au hapana?"

Minani hakufanya mzaha. "Ingobyi ile," alisema, "mara ya mwisho niliishika mimi. Mti wa mbele, bega hili. Nilimpeleka mwanangu Niyonsaba. Hospitalini walisema tuwaachie, tukarudi. Tulirudi nayo tupu, Mwalimu. Unajua wewe, mtoto wa Kibimba, ingobyi iliyotoka na mtu haitakiwi kurudi tupu. Ikirudi tupu inamwita wa pili. Mwanangu alikufa baada ya mwezi, na aliyeshika mti wa nyuma naye alichukuliwa. Sasa umwite nani akaishike?"

"Huo ni ushirikina," nilisema. Ndivyo Bernardo alivyotufundisha sisi sote, hapa na kule Kibimba.

"Inawezekana," akasema Minani. "Basi ibebe wewe na usomi wako."

Ingobyi inataka watu wasiopungua wanne, na wa kupokezana. Mimi ni mmoja. Nilikuwa nimemwona mzee huyu kama mtu wa kejeli tu. Siwezi tena.

Bernardo hajanisemesha tangu ajue nimesema. Au amelala tu. Siwezi kutofautisha.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua kubwa. Siku tatu sasa Bernardo hajaamka vizuri. Rozalia anampa uji kwa kidole.

Nilikimbia mtoni. Ildefonce alikuwepo, na watu wawili wa Kibimba. Mto ulivuma kuliko siku zote. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Bernardo amelala!"

Aliweka mkono sikioni.

"Bernardo! Amelala! Siku tatu! Hatuna wabebaji!"

Ildefonce alivua kofia. Wale wawili wakavua zao. Akafanya ishara ya msalaba, nami nikafanya, nikashukuru moyoni kwamba ameanza kumwombea palepale. Kisha akapiga kelele neno ambalo mto ulilimeza, akageuka, wakaondoka mbio.

Jumapili ya Matawi, 14 Aprili

Mvua. Nimesoma Mateso peke yangu. Nilipofika bustanini, "hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja," nilishindwa kuendelea. Hapakuwa na aliyecheka. Mzee Minani aliinamisha kichwa.

Jumanne, 16 Aprili

Lazima niandike yote kama yalivyotukia.

Saa nne asubuhi tulisikia wimbo barabarani. Ulikuwa wimbo wa maziko. Watu wa hapa walitoka milangoni. Ildefonce alikuwa mbele, nyuma yake wanaume watano wa Kibimba, na mabegani ingobyi mpya yenye shuka jeupe. Wamelowa, wana tope hadi kiunoni. Askari wa kizuizi aliwapitisha kwa sababu ya msiba.

Ildefonce aliingia uani kwa Bernardo na kofia mkononi. Rozalia alikuwa amepiga magoti barazani akimnywesha mumewe uji, na kwa bahati ya Mungu hiyo ilikuwa saa yake ya kuwa macho. Alimeza uji, akamtazama Ildefonce.

"Nani amekufa?" Bernardo aliuliza.

Ildefonce akanigeukia mimi.

"Wewe! Ulisema amelala!"

"Amelala kweli! Analala tangu Jumatano!"

"Ulisema amelala, siku tatu, hatuna wabebaji! Nani duniani anatangaza usingizi ng'ambo ya mto? Kanisani unatangaza vipi marehemu? Si 'amelala katika Bwana'? Si wewe unayetufundisha tusiseme 'amekufa' kama wapagani?"

Ni kweli. Ni mimi.

"Tumemlia Jumamosi nzima!" Ildefonce aliendelea. "Mke wangu Melania hana sauti. Nimekuja kuzika, nimekuta maiti anakunywa uji!"

Mmoja wa wabebaji alianza kucheka, kisha wote, kicheko cha watu waliochoka, wakakaa chini kwenye tope. Hata Rozalia alifunika uso kwa khanga na mabega yake yakatikisika. Bernardo peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama ingobyi iliyowekwa mlangoni pake.

"Irudisheni," alisema.

Wabebaji wakainuka kwenye tope.

"Mwalimu," alisema mbebaji mdogo kuliko wote, kwa heshima, "hairudi tupu."

"Huo ni ushirikina. Nimewahubiri miaka yote, na baba zenu nimewahubiri."

Ildefonce alichuchumaa mbele yake. Hasira ilikuwa imemtoka. "Shikamoo, Baba, sikukuamkia. Ulituhubiri, ndiyo. Basi wahubirie tena sasa. Hawa hapa watano, wametembea kwenye mvua kwa ajili yako. Waambie wainue miti mitupu, warudi kwa wake zao usiku wasilale, wakihesabiana nani ataitwa. Wakikubali mahubiri, mimi nitawaongoza kurudi."

Bernardo aliwatazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa akiwafahamu. Watatu aliwabatiza yeye kwenye hatari ya kufa walipokuwa wachanga. Nilimwona akipigana na usingizi ili amalize kufikiri.

"Mmenifunga," alisema mwisho. "Nyinyi watoto mmenifunga."

Akasimama kwa kushika nguzo, akaenda mwenyewe hadi mlangoni, akalala ndani ya ingobyi. Rozalia alimfunika lile shuka la sanda, kwa kuwa ndilo lililokuwepo.

Watu wote wa mistari ile ya nyumba walikuwa wamesimama kutazama. Miti ilipoinuliwa, Mzee Minani alitoka katikati yao, akamgusa bega mbebaji wa mbele.

"Umechoka, mwanangu. Nipishe."

Tunaondoka alfajiri kesho? Hapana, tunaondoka sasa hivi. Naandika haya wakati wameishusha kidogo wakaze kamba.

Jumamosi Takatifu, 20 Aprili

Tumerudi. Mabega yangu yamechubuka, kalamu nashika kwa shida.

Tulifika Biharamulo Alhamisi Kuu mchana. Abbasi alitutangulia akatusemea pale, Kiswahili chake kikatufungulia milango. Sote tulipapaswa shingo. Bernardo alichomwa ile sindano, na Minani alimshika mikono. Daktari anasema amechelewa ila hajapitiliza. Dawa ina nguvu, huenda ikagusa macho.

Tulipotaka kuondoka Minani alikataa tuichukue ingobyi. "Ikae hapa," alisema. "Itarudi naye." Tumeiegemeza ukutani kwa nje, karibu na dirisha lake.

Ildefonce na watu wake walikwenda moja kwa moja kizuizini, nami nikawasindikiza. Askari aliwauliza, "Mmezika?"

"Hapana, alikuwa hai," alisema Ildefonce.

"Basi mliingia kwa msiba usiokuwepo. Na hata ungekuwepo, mimi niliambiwa kuingia. Kutoka sikuambiwa."

Nimewaletea kifungo changu. Wanalala kanisani, sita, pamoja na nguo zao mbichi.

Pasaka, 21 Aprili

Mvua. Tuliimba Aleluya. Ildefonce hakunisemesha mpaka jioni, ndipo akaniomba chumvi.

Ijumaa, 26 Aprili

Ng'ambo leo alisimama Melania, mke wa Ildefonce, na wanawake wengine. Sauti yake imerudi.

"Ni kweli yu hai?"

"Yu hai!" tulijibu sote.

"Basi nani atatulipa machozi yetu?"

Kisha wakatuambia: mashamba ya wanaume wote sita wameyapalilia wao, na langu. Kanisani Kibimba Adelfina anaongoza rozari akiwa amekaa kwenye kigoda, maana tumbo halimruhusu kusimama. Ildefonce alikaa chini kwenye majani akafunika uso kwa ile kofia. Tuliporudi alinishika mkono njia nzima.

Jumatatu, 29 Aprili

Siku ya shingo. Minani alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nyuma yake walijipanga wengi, si wote.

Jumapili, 5 Mei

Mvua. Chakula ni muhogo wa wenyeji, wanatugawia. Ninahesabu siku za Adelfina, kisha najikataza.

Ijumaa, 10 Mei

Melania peke yake. "Msichana! Jumatano! Mama mzima!"

Nilimwomba arudie, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nilimwendea askari. Nilimwambia nimepata mtoto. Alinipa mkono, akanipongeza sana, akasimama palepale njiani.

Jumanne, 21 Mei

Mvua kidogo. Abbasi amerudi kutoka Biharamulo. Bernardo anakaa macho mchana kutwa, anagombana na wapishi.

Jumatatu, 27 Mei

Gari la kwanza la serikali limepita leo, na Bernardo alikuwa juu yake, pembeni ya dereva. Sindano zilizobaki atachomwa hapa na Abbasi. Ingobyi ilikuwa imefungwa nyuma juu ya magunia.

Kabla ya nyumba za kwanza alimsimamisha dereva. Anaweza kutembea. Akashuka, akaagiza ingobyi ifunguliwe, akapapasa miti yake, akalala ndani.

"Baba, ushirikina," nilimwambia.

"Nyamaza, ubebe."

Minani alishika mti wa mbele. Tulimbeba mtu mzima mwenye nguvu zake kupita mistari yote ya nyumba, naye alikuwa akiwaamkia watu kwa majina. Aliyakosea mawili, kwa sababu anatambua kwa sauti. Dawa imemwachia ukungu machoni. Kitabu hawezi kusoma tena.

Rozalia alimpokea mlangoni. Alimshika mkono, juu ya kiwiko, akaukunja ule mkono wa shati. Alama zimekwisha kufutika.

Ijumaa, 31 Mei

Kizuizi bado. Wanasema labda kiangazi, nchi ikikauka vizuri. Padri ameleta neno kwa dereva kwamba nibaki niwe macho ya Bernardo hata njia ikifunguliwa, na Adelfina ahamie huku. Nyumba ipo, katika mstari wa tatu. Msitu umefyekwa, mbung'o wamebaki wachache. Sijajibu. Sioni kama nimeulizwa.

Leo tulikwenda mtoni sote: Ildefonce na watu wake watano, Minani, na Bernardo ameshika bega langu. Maji yamepungua, lakini mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Ngara. Melania alikuwepo, na kando yake mtu aliyevaa khanga ya bluu ninayoifahamu. Nilimwona kabla hajainua mkono.

"Yuko?" Bernardo aliuliza.

"Yuko, Baba. Amembeba mgongoni."

Nilipaza sauti. "Mtoto hajambo?"

Adelfina aligeuka kidogo atuonyeshe mgongo wake, uliofunikwa wote na khanga.

"Amelala!"

Mkono wa Ildefonce ulikwenda wenyewe kichwani ukashika kofia. Nilihisi vidole vya Bernardo vikikaza bega langu.

Ni Melania aliyetuona. Alirukaruka ukingoni, akapunga mikono yote miwili. "Usingizi! Amelala usingizi, nyie wazikaji!"

Bernardo alicheka mpaka ikabidi nimshike asiteleze majini. Wengine wakafuata. Ng'ambo nao walikuwa wanacheka, na katika khanga ya bluu kitu kidogo kilijinyoosha.

Matone ya kwanza yalianza kuanguka. Adelfina alipeleka mkono nyuma, kufungua khanga ili nimwone.

"Usimwamshe!" nilipiga kelele, ingawa uso wake sijauona. "Mfunike! Usimwamshe!"